Sura ya Tano: Nyumba Hii ni ya Nani?

Mwezi Novemba 1971, kundi la wanafunzi wa kike zaidi ya ishirini liliingia katika jumba chakavu namba 533, mtaa wa North Mariposa, eneo la Hollywood jijini Los Angeles. Jumba lilikuwa na vyumba 17 na lilikuwa likisubiri kubomolewa. Madirisha yalikuwa yamevunjwa, mabomba hayatoi maji, kipasha joto hakuna. Wasichana walikuja na nyundo, misumeno na makopo ya rangi, na wengi wao hawakuwahi kushika msumeno maishani. Wakapachika vioo, wakakwangua kuta, wakaziba nyufa, wakapaka rangi. Walichoka, wakagombana na walimu wao, wakarudi tena kesho yake.

Walimu hao walikuwa wawili, Judy Chicago na Miriam Schapiro. Chicago alizaliwa mwaka 1939 akiitwa Judith Cohen. Mwaka 1970 aliachana na jina la baba na la mume, akajipa la mji aliozaliwa. Mwaka huohuo alianzisha huko Fresno, California, darasa la sanaa la wanawake peke yao, kisha mwaka uliofuata akalihamishia katika chuo cha CalArts, ambako aliungana na Schapiro. Majengo mapya ya chuo yalikuwa hayajakamilika na darasa halikuwa na pa kufanyia kazi. Ndipo mwanahistoria wa sanaa Paula Harper alipotoa wazo: itafutwe nyumba, na nyumba yenyewe iwe ndiyo kazi ya sanaa. Wakaiita Womanhouse. Ilifunguliwa tarehe 30 Januari 1972, siku ya kwanza kwa wanawake tu, na hadi ilipofungwa tarehe 28 Februari walikuwa wamepita humo watu wapatao 10,000.

Tuanzie jikoni, kwa kuwa nao walianzia huko. Kabla ya kushika brashi wanafunzi walikaa duara, kila mmoja akasimulia yaliyomkuta katika jikoni la kwao. Mtu angedhani yatatoka masimulizi ya harufu ya mkate. Yalitoka masimulizi ya vita: binti na mama wakivutana kimyakimya juu ya sahani, penzi likipimwa kwa chakula, chakula kikitolewa kwa kinyongo. Kutokana na mazungumzo hayo Susan Frazier, Vicki Hodgetts na Robin Weltsch walitengeneza chumba ambacho kila kitu ndani yake, kuanzia ukuta hadi friji, jiko hadi sinki, kilipakwa rangi moja ya waridi, rangi ya ngozi ya Mzungu. (Msomaji aikumbuke rangi hiyo, tutairudia.) Darini walibandika mayai ya kukaanga. Mayai yaliposhuka ukutani yalibadilika kidogo kidogo yakawa matiti, hata ukawa huwezi kusema yai limeishia wapi na titi limeanzia wapi. Mama anayelisha na chakula anacholisha vimekuwa kitu kimoja. Ni utani, lakini mtu hutoka chumbani humo hana hamu ya kifungua kinywa.

Kwenye kabati la mashuka, Sandy Orgel alisimamisha sanamu ya mwanamke, ya zile za madukani za kuvishia nguo. Rafu zilimpita katikati ya mwili, zikamgawa vipande, na juu ya kila rafu yamekunjwa mashuka kwa unadhifu mkubwa. Mguu wake mmoja tu ndio umetoka nje ya kabati. Hakuna maelezo zaidi, wala hayahitajiki. Ngazini, Kathy Huberland alimweka bibi harusi na shela lake. Katika chumba kingine mwanamke wa kweli alikaa mbele ya kioo akijipamba, akafuta alichopaka, akaanza upya, saa hadi saa, mbele ya wageni wasiojua kama waendelee kutazama au waondoke. Chicago mwenyewe alijitwalia bafu. Lilikuwa jeupe pe, rafu imejaa maboksi ya taulo za kike yaliyopangwa kama dukani, na sakafuni pipa limefurika zile zilizokwisha kutumika. Zaidi ya miaka hamsini imepita na bado bafu hilo huwatia watu aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyokuwa mada yake.

Sebuleni kulifanyika maigizo. Mmoja alipiga magoti akapiga deki sakafu, mwendo uleule wa mkono, kwa muda mrefu kuliko mtazamaji alivyotarajia. Mwingine alipiga pasi shuka. Faith Wilding, aliyezaliwa Paraguay, alikaa kwenye kiti mikono mapajani, akawa anajibembeleza mbele na nyuma huku akitaja mambo ambayo mwanamke huyangoja tangu uchangani hadi kaburini: kungoja kubebwa, kungoja kukua, kungoja kuposwa, kungoja watoto warudi, kungoja maumivu yaishe. Dakika kumi na tano, sauti moja, bila kupaaza. Katika jumba lile zima hii ndiyo kazi ninayoiweka juu. Vyumba vingine vilihitaji rangi na mbao na ucheshi. Yeye alihitaji kiti. Na ukiisikiliza vizuri, maisha yote anayoyataja hayana hata tendo moja ambalo mwanamke huyo ameliamua mwenyewe.

Jumba likabomolewa kama ilivyopangwa. Karibu kila kitu kilipotea nalo. Ilisalia filamu aliyoipiga Johanna Demetrakas, na nyumba ndogo ya midoli iliyotengenezwa na Schapiro na Sherry Brody, ambayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya Smithsonian jijini Washington.

Ili kuelewa kwa nini watu 10,000 walipanga foleni kutazama jiko na kabati la mashuka, ni lazima kukumbuka Marekani ya wakati ule. Magazeti, redio na televisheni zilikuwa zimemwambia mwanamke kwa miaka ishirini na tano kwamba nyumba ni yake: ufalme wake, fahari yake, kazi yake. Lakini akienda benki peke yake kuomba mkopo wa kuinunua, benki ilikuwa na ruhusa ya kumkatalia au kumtaka alete saini ya mume. Sheria ya kuzuia ubaguzi huo ilipitishwa mwaka 1974, miaka miwili baada ya jumba kubomolewa. Malkia hakuwa na hati ya kasri.

Wanafunzi wa Womanhouse hawakuwa wa kwanza kuona hivyo. Louise Bourgeois alizaliwa Paris mwaka 1911, katika familia ya wakarabati wa mazulia ya ukutani, akahamia New York mwaka 1938 baada ya kuolewa na Mmarekani. Miaka ya 1946 na 1947, akiwa mama wa wavulana watatu, alichora mfululizo wa wanawake walio uchi ambao badala ya kichwa, au kiwiliwili, wana nyumba. Miguu inatembea, mkono mmoja pengine unapunga, lakini uso haupo. Mahali pa uso pana madirisha, nguzo na paa. Akauita Femme Maison. Wapo wanaoona humo mwanamke aliyemezwa na nyumba, wapo wanaoona aliyejificha ndani yake. Mimi naona kwamba huyo mwanamke hajui kuwa yu uchi. Anadhani nyumba imemfunika.

Bourgeois alikuwa na sababu zake za kutoiamini nyumba. Utotoni mwake, mwalimu Mwingereza aliyeletwa kuwafundisha watoto lugha alikuwa pia hawara wa baba, chini ya dari moja, na mama akinyamaza. Mambo hayo aliyachimba maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 2010 akiwa na miaka 98. Buibui wake mkubwa wa chuma, mwenye urefu wa zaidi ya mita tisa, aliyekuwa kivutio jumba la Tate Modern lilipofunguliwa London mwaka 2000, anaitwa Maman, yaani mama: mfumaji anayetengeneza, anayeshona palipochanika, na anayetisha kidogo.

Baada ya Womanhouse jikoni pakawa uwanja wa sanaa. Mwaka 1975 Martha Rosler alijipiga video ya dakika sita, nyeusi na nyeupe, akiwa amevaa aproni kama mpishi wa televisheni. Anaonyesha vyombo vya jikoni kwa kufuata alfabeti, akitaja jina la kila kimoja bila tabasamu. Uma unachomwa hewani, kisu vilevile. Akifika kwenye upawa anachota kitu kisichokuwapo na kukimwaga pembeni, kana kwamba amemaliza uvumilivu. Herufi za mwisho zinapokosa vyombo anazichora hewani kwa mwili wake, kisu na uma mikononi. Halafu anapandisha mabega, basi. Wanaoicheka hawajakosea, ni kichekesho. Lakini hakuna anayetaka kula alichopika mtu yule.

Mierle Laderman Ukeles alichukua njia nyingine, na nadhani ndiye aliyeuliza swali gumu zaidi kati ya Wamarekani wa kizazi chake. Alikuwa msanii chipukizi New York, akajifungua mwaka 1968, na ghafla siku zake zikawa za nepi na vyombo. Mwaka 1969 akaandika ilani. Ndani yake aligawa kazi za binadamu mafungu mawili: ile ya kuzua kitu kipya, ambayo hupewa sifa na tuzo, na ile ya kukitunza kisiharibike, ambayo hupewa ujira mdogo au hailipwi kabisa. Akatangaza kwamba kuanzia hapo usafi anaoufanya ni sanaa. Mwaka 1973 alikwenda kwenye makumbusho ya Wadsworth Atheneum, mjini Hartford, akamwaga maji na kupiga deki ngazi za mlango mkuu, wageni wakimpita. Baadaye, kuanzia 1979, alizunguka jiji zima la New York akiwapa mkono wazoa taka 8,500, mmoja mmoja, na kumshukuru kila mmoja kwa kuliweka jiji hai. Kazi hiyo ilimchukua karibu mwaka mzima.

Deki ya Hartford inaleta jambo ambalo Womanhouse haikuligusa. Ngazi zile zilikuwa na mtu wa kuzisafisha kila siku kabla ya Ukeles kufika, na kesho yake mtu huyo alirudi na ndoo yake. Nyumba nazo ni vivyo hivyo. Katika nyumba nyingi za watu wenye uwezo, Marekani na kwingineko, aliyekuwa jikoni hakuwa mama mwenye nyumba. Alikuwa mwanamke mwingine, mweusi mara nyingi, ambaye jioni alipanda basi kwenda kupikia watoto wake chakula cha usiku. Jikoni la waridi lenye rangi ya ngozi ya Mzungu halikuwa na nafasi yake hata darini.

Mwaka uleule wa 1972, katika jimbo lilelile la California, Betye Saar alikuwa akitengeneza kisanduku kidogo ambacho ukubwa wake haufiki hata wa kitabu cha picha. Saar, mzaliwa wa Los Angeles, alikuwa mkusanyaji wa vikorokoro vya minadani, na katika vikorokoro vya Marekani hukosi sanamu za kumdhihaki Mweusi. Alipata moja ya mpishi mnene mwenye kitambaa kichwani na tabasamu kubwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya kushikilia karatasi za kuandikia mahitaji ya jikoni. Kila Mmarekani alimfahamu: ni Aunt Jemima wa unga wa chapati za maji. Jina hilo la biashara lilianza mwaka 1889, na kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893 aliyeajiriwa kusimama akipika na kuchekesha watu kwa jina hilo alikuwa Nancy Green, mwanamke aliyezaliwa mtumwa Kentucky. Saar alimwachia mpishi wake ufagio katika mkono mmoja. Katika mkono wa pili akampa bunduki. Nyuma yake akabandika safu za sura ileile ya kwenye pakiti za unga.

Kisanduku hicho, kiitwacho The Liberation of Aunt Jemima, kilionyeshwa mara ya kwanza Berkeley, na miaka mingi baadaye mwanaharakati Angela Davis alisema kwamba kwake yeye vuguvugu la wanawake weusi lilianzia hapo. Kampuni iliendelea kuuza unga wake kwa jina hilo hadi ilipotangaza mwaka 2020 kwamba inaliacha.

Tofauti ya kazi hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wanafunzi wa Hollywood walikuwa wakipambana na taswira ya malaika wa nyumbani, mwanamke anayesifiwa hadi anakosa hewa. Saar alikuwa akipambana na taswira ya mtumishi mwenye furaha, anayependa watoto wa bwana kuliko wake. Taswira zote mbili zimo katika jikoni moja na moja haisimami bila nyingine. Mwenye nyumba angekuwaje malaika asiyetokwa jasho kama hapangekuwa na wa kutokwa jasho kwa niaba yake?

Chicago mwenyewe alilikwaa tatizo hili. Kati ya 1974 na 1979, akisaidiwa na mamia ya watu, alitengeneza The Dinner Party, meza ya pembetatu yenye nafasi 39 zilizotengewa wanawake wakubwa wa historia, na majina mengine 999 sakafuni. Meza hiyo iko Brooklyn Museum tangu 2007. Sahani nyingi zimefinyangwa kwa maumbo ya ua, kipepeo na uke, kila moja ikisema kwa kiburi: huyu alikuwa mwanamke mzima. Nafasi ya Sojourner Truth, mtumwa aliyejikomboa na mwanamke mweusi pekee mezani, ina sahani yenye nyuso. Mwandishi Alice Walker aliliona hilo na kulisema mapema. Weupe walipewa mwili, mweusi akapewa sura. Sidhani ilikuwa nia mbaya. Ni kwamba mtu huweza kuvunja kuta nne za chumba chake na bado asijue kuna kibanda nyuma ya nyumba.

Na kibanda hicho si lazima kiwe gereza. Mwandishi bell hooks, katika makala yake ya mwaka 1990 kuhusu makazi kama ngome ya upinzani, aliwakumbusha wenzake kwamba kwa familia za weusi kusini mwa Marekani nyumba ilikuwa mahali pekee ambapo mtu hakutukanwa. Bibi aliyekesha akisugua sakafu za wengine alirudi kwake na kutengeneza kwa mikono yake pahali pa watoto kuinua vichwa. Kumwambia bibi huyo aikimbie nyumba kungekuwa kichekesho.

Mwaka huohuo wa 1990, Carrie Mae Weems alikamilisha picha zake 20 za meza ya jikoni. Meza moja, taa moja inayoning'inia, na yeye mwenyewe akiigiza mwanamke asiye na jina. Mwanamume anaingia katika picha na kutoka. Marafiki wanakuja kucheka na kufariji, binti anajipaka rangi ya mdomo akimwiga mama, karata zinachezwa, simu hailii. Mwishoni amebaki peke yake, anacheza karata za mtu mmoja. Weems hakuvunja kitu wala hakupaka rangi kuta. Alikataa tu kuitoa kamera hapo mezani, na mwanamke yule akawa mpenzi, mama, shoga, mkali, mpweke, yote kwa zamu, kama watu walivyo.

Msanii aliyemchukua mtumishi wa nyumbani na kumfanya shujaa wa kazi nzima yuko Afrika Kusini. Mary Sibande alizaliwa Barberton mwaka 1982. Bibi mzaa bibi yake, bibi yake na mama yake wote walifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Yeye ndiye wa kwanza katika mstari huo kushika kazi nyingine. Mhusika wake anaitwa Sophie. Ni sanamu ya ukubwa wa mtu, iliyotolewa kwenye mwili wa Sibande mwenyewe, nyeusi tii, na macho yamefumbwa.

Jina Sophie si la bahati nasibu. Mabwana wengi wa Afrika Kusini hawakujisumbua kutamka majina ya Kizulu au Kisotho ya wafanyakazi wao. Waliwapa jina la Kizungu la kukidhi haja, na mtu akaitwa hilo miaka thelathini. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hana haja ya kushangaa. Ni nyumba ngapi za mijini kwetu ambamo mfanyakazi ni "dada" tu, au "anti", au "beki tatu" akiwa hasikii, na wageni wakala wakanywa wakaondoka bila kujua aliyewapikia anaitwa nani?

Nguo ya Sophie ndiyo maajabu. Kitambaa ni kilekile cha buluu cha ovaroli za vibarua wa Afrika Kusini, na juu yake kuna aproni nyeupe na kitambaa cha kichwani, sare kamili ya kazi. Lakini Sibande ameishona ikafura na kutanda sakafuni mita kwa mita, kama gauni la mabibi wa enzi ya Malkia Victoria, mikono imevimba, kiuno kimebanwa. Huwezi kupiga deki ukiwa umevaa hivyo. Hapo ndipo ujanja ulipo: sare imezidishwa hadi ikashindwa kufanya kazi iliyoshonewa. Macho yamefumbwa kwa kuwa Sophie anaota, na akifumbua, ndoto itakwisha na vyombo vitakuwa vinamngoja. Katika kazi moja anafuma sweta la Superman. Wengine husema ni mama anayemtengenezea mwana wa bwana shujaa wake. Mimi napendelea kuamini anajifumia mwenyewe.

Mwaka 2010, dunia nzima ilipokuja Afrika Kusini kwa Kombe la Dunia, picha za Sophie zilitundikwa juu ya majengo marefu ya Johannesburg, kubwa kuliko mabango ya soda. Wanawake waliokuwa wakishuka kwenye teksi alfajiri kwenda kusafisha ofisi za majengo hayo waliweza kuinua macho na kumwona mwenzao amevaa kimalkia. Baadaye Sibande alimwachisha Sophie kazi. Akaja mwanamke wa zambarau, rangi aliyoichukua kutoka maandamano ya Cape Town ya Septemba 1989, ambapo polisi waliwamwagia waandamanaji maji yenye rangi hiyo ili wawatambue na kuwakamata. Aproni ya mwanamke huyo mpya imekwisha kumvuka.

Nimependa kumweka Wangechi Mutu baada ya Sibande, ingawa Mutu hashughuliki sana na jikoni. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasomea Wales na Marekani, na akajulikana kwa picha za wanawake alizozitunga kwa vipande vya magazeti: mdomo kutoka jarida la urembo, kiungo kutoka gazeti la pikipiki, ngozi kutoka picha za uchi. Kati ya 2004 na 2006 alibandika nyuso za namna hiyo juu ya kurasa za vitabu vya zamani vya udaktari vyenye michoro ya uvimbe wa kizazi. Nyuso hizo zinavutia na kuchukiza kwa wakati mmoja, kwani malighafi yake ndiyo ilivyo.

Kazi yake inayonihusu hapa ni ya 2019. Uso wa mbele wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, uliokamilika mwaka 1902, ulijengewa vishubaka vya kuwekea sanamu ambavyo vilikaa vitupu zaidi ya miaka mia moja. Mutu ndiye wa kwanza kualikwa kuvijaza, akaweka wanawake wanne wa shaba. Wagiriki wa kale walichonga nguzo kwa umbo la mwanamke aliyebeba paa kichwani. Waluba wa Kongo walichonga viti vya machifu vinavyobebwa na mwanamke aliyepiga magoti. Kwetu tunasema, na tunadhani tunasifu, kwamba mama ni nguzo ya nyumba. Wanawake wa Mutu wameketi. Hawakubeba paa, hawakubeba chifu, vichwani na usoni wana sahani za shaba zinazong'aa zikipigwa na jua la Fifth Avenue, na jumba halikuanguka.

Wa mwisho ni mtoto wa Zanzibar. Lubaina Himid alizaliwa huko mwaka 1954, baba Mkomoro, mama Mwingereza. Baba alikufa kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne, mama akamchukua wakaenda Uingereza, ambako mama alifanya kazi ya kubuni mitindo ya vitambaa. Himid akakua miongoni mwa vitambaa, na ukubwani akairudia kanga: ana michoro iliyofuata mpango wake, pindo, mji na jina, kwa maneno aliyoyachagua yeye. Mwanamke wa pwani anajua matumizi yake. Jambo lisilosemeka kwa wifi sebuleni husemwa na mgongo wa mtu anayepita kwenda uani.

Mwaka 2004 alionyesha Naming the Money. Ni watu 100 wa plaiwudi, wa ukubwa wa binadamu, waliochorwa kwa rangi za furaha na kusimamishwa chumbani ili mtazamaji apite kati yao. Ni Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi katika majumba ya kifahari ya Ulaya, wale ambao katika michoro ya zamani husimama pembezoni wameshika mbwa au sinia la matunda huku bibi mwenye nyumba akiangaziwa katikati. Himid aliwatoa pembeni. Wapo wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba. Kila mmoja ana maneno yake mafupi: jina lake la kwao, jina alilopachikwa, kazi aliyoijua kwao, kazi anayotumwa sasa, na kitu kidogo kinachomliwaza. Unaposoma la kumi unaanza kuchoka; ukifika la thelathini unaona aibu kwa kuchoka.

Himid alipata tuzo ya Turner mwaka 2017, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Watu wake 100 aliwatoa zawadi kwa Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa ya Liverpool, mji uliotajirishwa na meli za watumwa. Wapo wanaoona kazi ile ni ya historia na wala si ya nyumba. Nawapinga. Katika kazi zote za sura hii, hiyo ndiyo naiona kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee iliyoingia ndani ya jumba la tajiri na kuwauliza wote waliokuwamo, mmoja baada ya mwingine, wanaitwa nani.